Maneno ya paka yanayotuchanganya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mpigie simu daktari wa mifugo umwambie, "Paka wangu ana joto," uone. Kabla hajauliza hata jina la paka atataka kujua: joto la homa au la kutaka dume? Katika miaka niliyofuga paka na kuzalisha, nimeona neno moja likimpeleka paka kwenye dawa isiyo yake, au likimweka nyumbani kwa saa ambazo hakuwa nazo. Haya ni maswali ninayoulizwa zaidi. Sikuyapanga kwa alfabeti. Nimeyafuata kama yanavyomjia mtu aliyeanza na jike mmoja akajikuta na paka saba.

"Joto" ni homa, au ni ule wakati wa kutaka dume?

Ni yote mawili, na hapo ndipo taabu ilipo. Homa hupimwa kwa kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa. Paka mzima mwenye afya huwa kati ya nyuzi 38.1 na 39.2 za Selsiasi, kwa hiyo mkono wako utamwona wa moto hata kama hana lolote. Pua kavu haisemi kitu.

Joto la uzazi huonekana kwa vitendo. Jike analia usiku kwa sauti nzito ambayo hujawahi kuisikia kwake, anajiviringisha sakafuni, anajisugua kwenye miguu ya viti na ya watu. Ukimpapasa mgongoni karibu na mkia anashusha kifua, anainua matako, anapeleka mkia pembeni na kukanyagakanyaga kwa miguu ya nyuma. Asiyewahi kuona hudhani paka kavunjika kiuno. Na hatoki damu kama mbwa jike. Ukiona damu, mpeleke kwa daktari.

Linaanza akiwa na umri gani, na linakaa muda gani?

Wengi huanza karibu na miezi sita, wengine wakiwa na minne tu. Hukaa kama wiki moja. Asipopandwa hutulia, kisha hurudi baada ya wiki mbili au tatu, tena na tena. Kinachoongoza ratiba hiyo ni mwanga: siku ndefu humwamsha, siku fupi humpumzisha. Paka anayelala sebuleni taa ikiwaka mpaka usiku wa manane anaweza asipumzike mwaka mzima. Jambo jingine ambalo watu hulidharau: kaka na dada waliozaliwa tumbo moja hawajui undugu. Ukiwaacha pamoja mpaka miezi sita, usishangae tumbo likitokeza.

Kupandwa mara moja kunatosha?

Mara nyingi hapana. Jike wa paka hashushi mayai kwa tarehe. Huyashusha kwa sababu amepandwa. Uume wa dume una vijimiba vidogo ambavyo humkwaruza jike unapotoka, na ndiyo sababu ya ule ukelele na kofi analochapwa dume palepale. Msisimko huo huuambia ubongo umwage homoni, na mayai hushuka siku moja au mbili baadaye. Mpando mmoja huenda usifikishe homoni kwenye kiwango kinachotakiwa, ndiyo maana hupandana mara nyingi kwa siku.

Kutokana na hilo, watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti. Kama jike wako alitoka nje hata usiku mmoja ndani ya joto lile, usimwandikie mtu yeyote kwamba baba ni dume wako. Huenda ni wa baba wawili.

Mimba ni siku ngapi, na nitaijuaje?

Siku 63 hadi 65 kwa kawaida, ingawa wapo wanaotangulia au kuchelewa siku chache. Karibu na wiki ya tatu chuchu hujaa na kugeuka rangi ya waridi. Altrasaundi huonyesha mimba mapema, lakini kuhesabu watoto ni kazi ya eksirei siku za mwishomwisho, mifupa yao ikishakomaa. Usimminye tumbo kutafuta watoto, mwachie daktari.

Mlishe chakula cha watoto wa paka, kwa kuwa kina nguvu na madini zaidi. Na mtaje daktari mimba kabla ya sindano yoyote: chanjo yenye virusi hai vya panlyukopenia, ugonjwa wa paka wa kuharisha na kutapika, huweza kuharibu ubongo wa nyuma wa watoto waliomo tumboni, wakazaliwa wakiyumba kama walevi maisha yao yote.

Uchungu umeanza. Lini nimsaidie, lini nimwache?

Kwa sehemu kubwa umwache. Andaa boksi lenye nguo safi mahali penye giza na utulivu, ukijua kwamba anaweza kulikataa akaenda kuzaa kabatini juu ya shati lako jeupe. Atakuwa anaingia na kutoka, anahema, anafukua. Baadaye utaona tumbo likikaza kwa mawimbi. Mtoto hutoka amefungwa kwenye utando unaong'aa kama nailoni iliyolowa. Mama huuchana kwa meno, humlamba mtoto kwa nguvu hadi alie, hukata kitovu na kula zalio. Hesabu mazalio: kila mtoto na lake, na likibaki ndani huleta maambukizi.

Niliwahi kukaa na jike wa uzao wa kwanza ambaye mtoto alipotoka alimgeukia, akamnusa, akaondoka zake. Mtoto alikuwa ndani ya utando, mdomo unafunguka na kufunga bila hewa. Nilichana utando kwa vidole kuanzia puani, nikamfuta, nikamsugua mgongo kwa taulo kavu nikiwa nimemwinamisha kichwa. Zilipita kama sekunde arobaini, kisha akatoa sauti ya kama mlango usiotiwa mafuta. Mama akageuka aliposikia, na watatu waliofuata aliwahudumia mwenyewe. Kwa hiyo ukikaa karibu, kaa na taulo, na mikono uizuie mpaka ihitajike.

Mpigie daktari kama anakaza kwa nguvu nusu saa na hakuna kinachotoka, kama mtoto amekwama nusu nje, au kama mama amelegea na anatetemeka. Kupumzika kwa saa kadhaa kati ya mtoto na mtoto, mama akiwa anakula na kunyonyesha, hakupaswi kukutisha. Paka hufanya hivyo.

Dang'a ni nini kwa paka?

Ni lile lile neno la wafugaji wa ng'ombe: maziwa ya kwanza, yenye kinga za mama. Utumbo wa mtoto wa paka hupitisha kinga hizo kwa muda usiozidi siku moja hivi, kisha mlango hufungwa. Mtoto aliyekosa dang'a siku ya kwanza atapambana na kila kijidudu peke yake.

Kuna pahali dang'a hiyo hiyo huua. Paka wana makundi ya damu A, B na AB. Jike wa kundi B ana kinga kali dhidi ya damu A. Akizaa watoto wa kundi A, maziwa yake ya kwanza hubomoa damu yao. Wanazaliwa wamenona, wananyonya vizuri, kisha wanaanza kukojoa mkojo wa rangi ya kahawia na kufa mmoja mmoja, nyumba inasema "wamerogwa". Kundi B ni la kawaida zaidi kwa mbegu kama British Shorthair na Devon Rex. Anayezalisha mbegu hizo apime damu za wazazi kwanza.

"Mtoto anafifia" maana yake nini?

Si jina la ugonjwa mmoja. Ni mtoto aliyezaliwa vizuri anayepoteza nguvu ndani ya wiki mbili za kwanza: anajitenga, analia bila kukoma au hanyonyi kabisa, mwili unapoa. Silaha yako hapa ni mizani ya jikoni. Mtoto huzaliwa na gramu 100 hivi na anatakiwa kuongeza gramu 10 hadi 15 kila siku. Asiyeongezeka siku nzima ana tatizo, hata kama anaonekana mzuri.

Aliyepoa apashwe joto kwanza ndipo alishwe, kwa sababu tumbo lililopoa halisagi, na maziwa huishia mapafuni au kuchachuka. Mpe maziwa maalumu ya watoto wa paka. Ya ng'ombe yatamharisha. Yatima hajui kukojoa mwenyewe: baada ya kila mlo mfute sehemu za haja kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, kama ulimi wa mama.

Kuachisha ziwa lini, na aondoke lini kwa mama?

Chakula laini kuanzia wiki ya nne, na kwenye ya nane wengi wameshaacha ziwa. Lakini kuacha ziwa hakumaanishi yuko tayari kuondoka. Kati ya wiki ya pili na ya saba ubongo wake unaamua nini ni cha kawaida na nini ni cha kuogopa, kwa hiyo ashikwe na watu, asikie redio na vyombo. Kisha akae na mama na ndugu zake wiki chache zaidi, wamfundishe kung'ata bila kuumiza. Mimi sitoi mtoto kabla ya wiki ya 12, na mtu anayenibembeleza "nipe tu akiwa mdogo mdogo" ndiye ninayemnyima.

Kuhasi, kufunga kizazi, kutoa kizazi: tofauti ni nini?

Hapa maneno yanatuumiza kweli. Kuhasi ni kuondoa korodani za dume, na wengi siku hizi hulitumia kwa jike pia. "Kufunga kizazi" tumeliazima kwa binadamu, ambako mirija hufungwa na mengine huachwa. Paka jike akifungwa mirija tu hatashika mimba, lakini ataendelea kuingia joto na kulia kama zamani, na kizazi chake kitaendelea kuwa katika hatari ya kujaa usaha, ugonjwa unaoua. Upasuaji unaofanywa kwa kawaida ni kutoa ovari, mara nyingi pamoja na kizazi chenyewe. Kwa hiyo unapozungumza na daktari uliza kwa jina: unatoa nini, unaacha nini?

Wapo wanaosema azae kwanza mara moja. Sijaona faida yake. Jike anayefanyiwa upasuaji kabla ya miezi sita hatari yake ya saratani ya matiti hupungua kwa takriban asilimia 91, na kadiri joto linavyorudiwa ndivyo faida inavyopotea. Saratani hiyo kwa paka huwa mbaya. Zile sindano na vidonge vya kuzuia joto ni homoni. Zikitumiwa muda mrefu huleta uvimbe wa matiti, usaha wa kizazi na kisukari. Ni rahisi leo, ghali baadaye.

Dume aliyehasiwa jana bado ana mbegu njiani. Mtenge na majike kwa mwezi mmoja hivi. Kama daktari amekuta korodani moja tu, ya pili imejificha tumboni au kinenani na lazima itafutwe. Ikiachwa, dume ataendelea kunyunyiza mkojo ukutani na kupigana kama paka shume, na korodani iliyojificha huweza kugeuka saratani.

Baada ya upasuaji mahitaji ya chakula hushuka huku hamu ikipanda. Punguza kipimo mapema, usingoje awe duara.

"Ameshachomwa sindano." Ya nini?

Ndilo swali ninalouliza kila mara mtu anaponiletea paka wa kupandishwa. Sindano inaweza kuwa antibayotiki, ya minyoo, ya kuzuia joto, au chanjo. Isipoandikwa kwenye kadi ikiwa na tarehe na stika ya kichupa, mimi huihesabu haipo.

Chanjo za msingi ni tatu kwa kichupa kimoja: panlyukopenia, na virusi viwili vya mafua ya paka, yaani herpesi na kalisi. Ya nne ni ya kichaa cha mbwa, ambacho licha ya jina hakibagui: paka hukipata na hukipitisha kwa binadamu. Mtoto huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudia kila wiki mbili hadi nne, na dozi ya mwisho lazima iwe akiwa na wiki 16 au zaidi. Kwa nini kurudia? Kinga za dang'a huizima chanjo, na hakuna anayejua kwa macho ni wiki gani zimeisha kwa mtoto huyu. Anayechanjwa mara moja akiwa na wiki nane anaweza kuwa hana kinga yoyote, na mwenye paka anaapa kwamba "alichomwa".

Panlyukopenia wengine huiita parvo ya paka. Huharisha, hutapisha na kufuta chembe nyeupe za damu. Virusi vyake hukaa kwenye nyumba miezi mingi, kwa hiyo usilete mtoto mpya asiyechanjwa mahali alipofia mwingine.

FIV, FeLV na FIP ni kitu kimoja?

Hapana, ni vitu vitatu, na kuvichanganya kumewaua paka wasiostahili kufa.

FIV, iliyogunduliwa California mwaka 1986, ndiyo inayoitwa "ukimwi wa paka". Huenea hasa kwa kung'atana sana, ndiyo maana madume wapiganaji ndio waathirika. Haimwambukizi binadamu, na paka mwenye nayo huweza kuishi miaka mingi na vizuri. FeLV, ambayo William Jarrett na wenzake waliigundua Glasgow mwaka 1964, hupita kwa mate, hata kwa kulambana na kula sahani moja, na ni kali zaidi: huleta saratani ya damu na upungufu wa damu. Ina chanjo. Vipimo vyote viwili hufanywa kwa tone la damu, na kila paka mpya apimwe kabla hajachanganywa na wenzake.

FIP huanza na koronavirusi ya kawaida ya utumbo wa paka, ambayo ndani ya paka wachache hubadilika na kushambulia mwili mzima; wengine tumbo hujaa maji ya rangi ya njano. Zamani ikitajwa ilikuwa hukumu ya kifo. Mwaka 2019 Niels Pedersen na wenzake walichapisha matokeo ya dawa iitwayo GS-441524, ambayo hutolewa kwa kawaida siku 84, na wengi hupona. Mtu akikuambia leo kwamba FIP haina dawa, taarifa zake zimepitwa na wakati.

Dume wangu hapati choo. Nimpe mafuta?

Subiri. Choo kipi?

Dume anaingia kwenye sanduku la mchanga, anachuchumaa, anakaza, anatoka, anajilamba sehemu za siri, anarudi. Sisi tunaona mkao tu na kusema amefunga choo. Dume wangu wa kwanza kuhasiwa, wa rangi ya majivu, nilimnywesha kijiko cha mafuta ya kula saa mbili usiku nikiamini hivyo. Alfajiri alikuwa anatapika, na nilipomgusa tumbo la chini kulikuwa na kitu kigumu mfano wa chungwa dogo. Kilikuwa kibofu. Hakuwa amekosa choo, hakuwa amekojoa.

Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba, na chembechembe za madini au uteute huweza kuuziba kabisa. Mkojo ukirudi nyuma, figo husimama, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo husimama. Yote hayo ndani ya siku moja au mbili. Kabla ya kusema neno "choo", angalia mchanga: kuna sehemu iliyolowa leo? Kama hakuna, ondoka sasa, hata kama ni usiku. Wangu alipona baada ya kuwekewa mpira wa mkojo siku tatu.

Anakohoa, au ni bonge la manyoya?

Paka anayetoa bonge la manyoya tumbo hupiga mawimbi, mdomo hupanuka, na mwishowe kitu hutoka, kirefu kama kidole, kikiwa kimelowa. Anayekohoa hujikunyata chini, shingo ameinyoosha mbele, sauti kavu, kisha anameza na kuendelea na shughuli zake. Hakitoki kitu. Huyo wa pili akirudia wiki baada ya wiki huenda ana pumu, na pumu ya paka ina dawa, hata ya kuvuta kwa kibuyu chenye barakoa. Mrekodi kwa simu. Mbele ya daktari hatakohoa hata umwombe.

Hajala siku mbili. Si atakula akisikia njaa?

Mbwa huenda, paka usimsubiri. Paka asiyekula, hasa mnene, huyeyusha mafuta ya mwili kwa wingi, ini hushindwa kuyachakata, likajaa mafuta lenyewe. Masikio na fizi huwa njano. Siku mbili bila kula ni za daktari, na mtoto wa paka usimngoje hata moja.

Hapohapo niseme kuhusu "anakula ugali tu na anaishi". Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake hautengenezi kirutubisho cha taurini cha kutosha, na taurini iko kwenye nyama. Ikikosekana macho hupofuka na moyo hutanuka. Uhusiano wake na moyo ulithibitishwa mwaka 1987, na watengenezaji wakaongeza taurini kwenye vyakula vyao. Chakula cha mbwa hakimtoshelezi kwa sababu hiyo hiyo.

Minyoo, viroboto, utitiri, choa: vyote dawa moja?

La. Watoto hupata minyoo ya mviringo kupitia maziwa ya mama, hivyo dawa huanza wiki ya tatu na kurudiwa kila wiki mbili hadi baada ya kuacha ziwa. Vile vipande kama punje za mchele mkiani ni tegu, na tegu huyo huletwa na viroboto: usipoua viroboto atarudi. Uchafu mweusi kama kahawa ya unga masikioni ni utitiri. Duara lisilo na manyoya ni choa, nacho ni kuvu, hukushika na wewe.

Nina mimba. Nimtoe paka?

Usimtoe. Paka hutoa mayai ya toksoplasma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa wiki moja au mbili tu, kwa kawaida mara moja maishani, baada ya kula panya au nyama mbichi yenye vimelea. Mayai hayo huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Mtu mwingine asafishe sanduku la mchanga kila siku; ikibidi uwe wewe, vaa glavu na unawe. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa ndizo za kuziogopa zaidi.

Naweza kumpa dawa yangu ya maumivu?

Usithubutu. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli; kidonge kimoja huweza kumuua, fizi zikigeuka rangi ya udongo. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini humtetemesha hadi kufa. Vitunguu vya aina zote hubomoa damu. Maua ya lili, hata chavua aliyoilamba kwenye manyoya au maji ya chombo chake, huua figo.

Kosaafu, chotara na "paka wa kawaida"?

Kosaafu ni yule mwenye nasaba iliyoandikwa vizazi kadhaa kwenye chama kinachotunza daftari, kama CFA ya Marekani (1906), GCCF ya Uingereza (1910), FIFe (1949) au TICA (1979). Chotara ni mtoto wa mbegu mbili zinazojulikana. Paka wa kawaida si chotara wa kitu chochote. Ni paka kama paka walivyokuwa kabla ya mambo ya maonyesho kuanza Crystal Palace, London, mwaka 1871. Manyoya marefu hayamfanyi paka kuwa Persian, wala uso mweusi kuwa Siamese.

Cheti cha nasaba hakisemi paka ana afya. Muuzaji wa Maine Coon au Ragdoll muulize kuhusu HCM, ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo; kipimo cha jeni kipo kwa mbegu hizo zote mbili, lakini altrasaundi ya moyo bado inahitajika. Wa Persian muulize PKD, vifuko vya maji kwenye figo: mzazi mmoja mwenye jeni moja hupitisha kwa wastani nusu ya watoto. Scottish Fold mimi siwataki kabisa, na nalisema waziwazi. Wote wanatokana na Susie, paka aliyeonekana Scotland mwaka 1961. Masikio yao yamejikunja kwa sababu gegedu ni bovu, na gegedu hiyo hiyo ndiyo iliyo kwenye viungo vyote. Anakaa kitako kama mtu, watu wanacheka na kupiga picha, kumbe miguu inamuuma.

Kwa nini paka wa rangi tatu huwa jike?

Jeni ya rangi ya chungwa iko kwenye kromosomu X. Mwaka 2025 ilitambuliwa kuwa ni badiliko karibu na jeni ARHGAP36. Dume ana X moja, basi ni wa chungwa au si wa chungwa. Jike ana mbili, na kila chembe ya mwili huzima moja, ndipo mabaka mabaka hutokea. Weupe huletwa na jeni nyingine. Dume wa rangi tatu huwa na X ya ziada na karibu kila mara ni tasa, hivyo anayekuuzia "dume adimu la mbegu" anakuuzia kisichozaa.

Maikrochipu itanionyesha paka alipo?

Haionyeshi. Ni namba ya tarakimu 15 chini ya ngozi, inasomwa na mashine iliyo karibu. Ukihama au kubadili simu bila kurekebisha taarifa zako, namba hiyo haina mwenyewe.

Akikoroma ni furaha?

Mara nyingi. Lakini paka hukoroma pia akizaa, akiumia, hata akikaribia kufa. Usimwambie daktari "hana maumivu, anakoroma".

Paka wangu "amepoa" tu. Nimpeleke?

Neno hili kwetu lina maana ya mwili wa baridi, ya kutulia, ya kuzubaa, na wapo wanaolisema wakimaanisha amepona. Badala yake mtajie daktari vitu vinavyohesabika: amekula nini tangu jana, amekojoa mara ngapi, fizi zina rangi gani, uzito wa leo. Kisha akiwa amelala hesabu kifua kinavyopanda kwa sekunde 30, uzidishe kwa mbili. Kikizidi 30 kwa dakika, na ukirudia baada ya nusu saa bado kimezidi, chukua kizimba cha kubebea, tandika taulo ndani, mwende.